Mwanga Ulioliwa Kabla ya Kufika

Tarehe 3, mwezi wa nane

Kitabu hiki kilikuwa cha kuandikia barafu inayotoka. Karani alikitupa kikiwa na nusu ya kurasa zake nyeupe, nikakiokota. Mtu aliyeishia darasa la saba akiokota karatasi watu hudhani anataka kufungia kitu. Mimi nataka kuandika, kwa kuwa hapa sina wa kuongea naye ila shemeji yangu, na kuongea na shemeji ni kumimina maji kwenye pakacha.

Kazi yetu ni kuosha paneli za sola juu ya paa la kiwanda cha barafu. Paa lina mgongo katikati kama nyumba aliyoichora mtoto shuleni. Paneli mia na ishirini zimelalia upande wa mashariki, nazo ni zangu. Mia na ishirini za magharibi ni zake. Tunaanza alfajiri kabla kioo hakijapata moto, maana maji baridi kwenye kioo cha moto hukipasua. Hilo ndilo la maana pekee tulilofundishwa siku ya kwanza. Mengine yalikuwa ni jinsi ya kumwamkia Meneja.

Tarehe 4

Nimeosha.

Tarehe 5

Nimeosha. Shemeji ameosha huku anaimba. Amemsalimia mlinzi, karani, dereva wa gari la barafu, na paka.

Tarehe 9

Mvua ya mwisho ilinyesha miezi miwili iliyopita. Nilipokuja, kutoka juu ya paa nilikuwa naona vitu vitano: bomba la moshi la kiwanda cha jirani, tanki kubwa la maji, mnara wa simu, jengo refu la vioo, na nyuma kabisa kilima. Kilima kilikwenda kwanza. Leo jengo la vioo nalo limekwenda. Kuna utusitusi umekaa juu ya jiji kama mfuniko. Vumbi la barabara, moshi wa magari, moshi wa majalala, yote yako humo. Jua likichomoza halina makali, unaweza kulitazama usoni bila aibu.

Mita zetu ziko ukutani chini ya ngazi, yake na yangu. Jana upande wangu ulitoa yuniti 152, wake 160. Siku ya kwanza ilikuwa 161 na 168.

Tarehe 12

Meneja tumempa jina la Asilimia. Hajui kuongea bila hiyo. Leo amesimama chini ya ngazi, kwa sababu kiatu chake hakipandi ngazi, akapaza sauti:

"Tumeshuka asilimia kumi na moja! Kumi na moja! Mnafanya nini huko juu, mnaota jua?"

"Jua lenyewe liko wapi, bosi?" nikamjibu.

Karani alicheka. Asilimia hakucheka. Shemeji akateremka mbio, ndoo mkononi, akamwambia, "Tutaongeza bidii, mheshimiwa." Mheshimiwa! Mtu ambaye mwezi uliopita alijifungia mwenyewe katika chumba cha barafu akapiga mlango kama mbuzi.

Tarehe 15

Mke wangu amepiga simu kutoka nyumbani. Habari za watoto, habari za paa linalovuja wakati hakuna hata mvua. Mwishoni, kama kawaida yake:

"Na mdogo wangu?"

"Yupo."

"Nilikukabidhi wewe. Hajui mji yule."

"Mji unamjua yeye. Kila mtu hapa ni rafiki yake."

"Basi na wewe uwe rafiki yake, baba watoto. Haikugharimu."

Nikamwambia sawa. Nilimtafutia kazi hii mimi, nikalala naye kitanda kimoja mwezi mzima hadi akapata godoro. Kama kuna deni la urafiki humo, nimeshalilipa.

Tarehe 21

Nimeosha. Yuniti 139. Yeye 149.

Tarehe 26

Asilimia ametuita ofisini wote wawili. Kiyoyozi kinavuma, sisi tumelowa, tukasimama tunatetemeka kama vifaranga. Akasema wenye kiwanda wameona kazi ya kuosha inaweza kufanywa na mtu mmoja. Mvua zikianza, mmoja ataondoka. Ataangalia mita. Ambaye upande wake utakuwa chini siku mvua zitakapokuwa zimeshika, huyo atafunga mzigo.

"Ni haki, si ndiyo?" akauliza.

"Ni haki kabisa, mheshimiwa," akajibu shemeji.

Mimi nikasema upande wa mashariki hupata jua la asubuhi, na asubuhi ndiyo moshi unakuwa mzito. Alasiri upepo unapiga, anga linafunguka kidogo, na hapo jua liko upande wa magharibi. Kwa hiyo mwenzangu anapewa jua lililooshwa, mimi napewa makapi.

Asilimia akaniuliza: "Wewe ulisomea hali ya hewa?"

"Hapana."

"Basi sugua."

Tulipotoka shemeji akaniambia, "Usijali, shemeji. Riziki haigombewi." Husema hivyo anayeongoza kwa yuniti kumi.

Tarehe 2, mwezi wa tisa

Amekuja fundi wa sola, yule anayekuja mara moja kwa msimu kukagua nyaya. Mwanamke mnene kidogo, kofia pana, hana maneno mengi. Nilijiandaa kumdharau, kwa kuwa fundi aliyemtangulia alikuwa akipiga picha tu na kuondoka. Huyu alipanda. Akaweka kiganja juu ya kioo changu, akakitazama kiganja. Safi.

"Unaosha vizuri," akasema.

"Mwambie bosi. Namba zinashuka, anasema ni uvivu."

Alitoa kwenye mkoba kidude kama tochi fupi, akakielekeza kwenye jua, akasoma namba, akatikisa kichwa. Akaniambia ninyooshe mkono niufunike uso wa jua kwa kidole gumba. Nikafanya, nikijiona mpumbavu.

"Unaona nini kuzunguka kidole?"

"Weupe. Mwanga mwingi, unachoma macho."

"Hilo ni vumbi. Chembe za vumbi ni nyeupe-nyeupe, mwanga ukizigonga unatupwa pembeni. Unaotupwa mbali kidogo ndio huo unaouona kuzunguka kidole. Mwingine unarudi juu, haufiki. Sasa tazama kule kwenye majalala."

Kule anga lilikuwa la kahawia, zito, kama chai iliyokolea.

"Yale ni masizi. Masizi hayatupi mwanga, yanaumeza. Ukimezwa umekwisha, unabaki joto tu hukohuko juu. Kwa hiyo kaka, kabla mwanga haujagusa kioo chako, robo yake imeshaibwa njiani. Ungeosha hata kwa machozi, namba haipandi."

Nikasema kwa hiyo vumbi ni kama mmbea, anasambaza kila upande lakini kitu kidogo kinakufikia. Masizi ni kama Meneja wetu, akila harudishi. Alicheka hadi akashika kofia.

Shemeji hakuwepo. Alikuwa ameteremka kufungua maji ya tanki. Fundi alipokuwa akifunga mkoba akasema neno la mwisho: "Na mwambie mwenzako. Maji na sponji laini tu. Nimeona viwandani watu wakibanwa na namba wanaanza kusugua na waya wa masufuria, na mchanga. Kioo kikichunika hakiponi. Kinakuwa chenyewe ndio vumbi, kinatawanya mwanga hata siku anga likiwa safi."

Nikasema nitamwambia.

Kabla ya kuondoka alimweleza Asilimia habari za moshi na masizi. Nilikuwa chini ya ngazi, nikasikia. Asilimia akamwambia, "Sawa sawa, lakini mimi siwezi kumwandikia barua anga."

Tarehe 3

Sikumwambia. Tulikuwa na haraka.

Tarehe 5

Utusitusi umeshuka. Tanki la maji limepotea asubuhi, likarudi saa nane. Yuniti 124, yeye 135. Nilifanya lile la kidole gumba. Weupe umepungua, kumekuwa kahawia. Wamechoma kitu kikubwa mahali fulani.

Tarehe 8

Shemeji alikuja na furushi dogo la karatasi. Ndani mna waya wa kusugulia sufuria, ule wa chuma uliojikunja kama nywele. Amenunua kwa pesa yake mwenyewe.

"Shemeji, nimegundua siri," akaniambia macho yakimeta. "Kuna mafuta juu ya kioo, mafuta ya moshi. Maji hayayatoi. Pitisha kidole uone, kinateleza."

Nikapitisha. Ni kweli, kuna utando wa mafuta. Sponji na sabuni ukiwa na subira huutoa, lakini subira haionekani kutoka chini ya ngazi.

"Nikuletee na wewe?" akauliza.

"Mimi sponji inanitosha."

"Utashindwa, shemeji yangu. Sitaki kukushinda mimi."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limekaa kama punje ya mchele kwenye jino. Lakini hilo la "sitaki kukushinda" lilinikera. Nikainama nikaendelea kuosha, nikamsikia upande wa pili wa mgongo wa paa: kwaru, kwaru, kwaru.

Tarehe 10

Yeye 146, mimi 123. Utando umetoka, na kioo chake bado hakijaumia vya kutosha kuonekana. Asilimia amempa mkono mbele ya watu wa upakiaji. "Huyu ndiye mfano!" Kisha akanitazama mimi kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

Mfano. Nchi inaendeshwa na watu hawa.

Tarehe 11 hadi 16

Nimeosha. Kwaru, kwaru.

Tarehe 19

Nilivuka mgongo wa paa mchana wakati ameteremka kula. Ukisimama mbele ya paneli zake huoni kitu. Ukiinama ulalishe jicho sambamba na kioo, unaona michirizi duara duara, maelfu, kama nywele zilizojikunja ndani ya kioo. Kioo changu kinaonyesha uso wangu, cha kwake kinaonyesha doa la rangi ya uso. Na vumbi la asubuhi ileile limeshaing'ang'ania michirizi.

Nilirudi upande wangu. Nikajiambia si kazi yangu kufundisha mtu mzima. Nikajiambia na mimi nina watoto, na kazi ni moja. Yote ni kweli.

Tarehe 23

Yeye 138. Mimi 121. Anashuka haraka kunishinda. Amekuwa akinisikiliza ninavyokohoa, ameniletea tangawizi. Kuna watu hawajui hata kuchukiwa.

Tarehe 1, mwezi wa kumi

Leo bomba la moshi la jirani tu ndilo limeonekana, na ndilo linalotoa moshi. Jua limepita juu yetu kama sarafu iliyochakaa, kivuli changu hakikuwa na ukingo. Nilisimama katikati ya mchana na kivuli kikaonekana kama doa la maji linalokauka. Fundi angesema mwanga unakuja kwa njia za panya, toka kila upande, na hakuna hata mmoja wenye nguvu.

Yeye 129, mimi 118.

Tarehe 6

Shemeji ameanza kuogopa. Hasemi, lakini haimbi. Anasugua mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni kioo kikipoa. Mikono yake imechanika vidoleni. Asilimia alipanda hadi ngazi ya tatu, rekodi yake, akamwambia, "Wewe ulikuwa mfano, umelala?"

"Sijalala, mheshimiwa."

"Basi ongeza asilimia."

Baadaye aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza taratibu, "Shemeji, kwani mimi nakosea wapi?"

Nimeandika hapa maneno yake kama alivyoyasema. Yangu yalikuwa haya: "Ni hali ya hewa."

Haikuwa uongo. Ndiyo sababu ilinitoka vizuri kooni.

Tarehe 12

Yeye 122, mimi 120.

Tarehe 15

Yeye 119, mimi 119. Nilicheka peke yangu chini ya ngazi. Karani akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Tarehe 20

Ameongeza mchanga. Ameuchekecha kwa neti ya dirisha ili uwe laini, anaamini mchanga laini hauna madhara. Nilimwona anavyouchekecha, kwa uangalifu wa mama anayechekecha unga wa uji wa mtoto. Siku zote nilikuwa nimejiambia kwamba bidii yake ni ya kujionyesha. Pale hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa mimi, naye hakujua kama namwona.

Nilitaka kusema. Halafu nikafikiria ataniuliza tangu lini najua.

Kosa likishakaa wiki sita haliwi tena kosa la jana. Kila siku linazaa.

Tarehe 4, mwezi wa kumi na moja

Mawingu. Hewa nzito. Wapakiaji wanabishana mvua ni leo au kesho.

Tarehe 6

Imenyesha. Imenyesha kama anga limegeuzwa kichwa chini. Tulisimama chini ya kibanda cha kupakia tukatazama maji ya kwanza yakishuka kutoka kwenye paa. Yalikuwa meusi. Si machafu kidogo, meusi, kama maji ya kuoshea sufuria ya shughuli. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyavuta puani kiangazi chote. Mlinzi alikinga kopo akamwonyesha karani: "Tazama, mapafu yako haya."

Shemeji alifurahi. "Sasa anga limesafika, shemeji. Namba zitapanda zenyewe."

Tarehe 8

Mvua imesimama jana jioni, na leo asubuhi jua limetoka kamili. Nimefunika uso wake kwa kidole gumba. Kuzunguka kidole palikuwa na buluu, buluu hadi kwenye ngozi, hakuna weupe wala kahawia. Kivuli changu kilikuwa na ukingo wa kukata mkate.

Jioni tukateremka kusoma mita. Mimi 184. Yeye 151.

Alifuta kioo cha mita kwa kiganja, akasoma tena. Akakigonga kwa kucha. Akasoma tena. Mita haikuwa na kosa. Anga lilikuwa halina tena kisingizio, na upande wake peke yake ulibaki kwenye kiangazi.

Tarehe 9

Nataka niandike ya leo yote.

Saa tatu Asilimia amepanda paa. Amepanda hadi juu, kiatu na yote, akishikilia ngazi kama mtu anayeokolewa kwenye mafuriko. Alisoma 151 akadhani ni nyaya. Hakuwa na haja ya kuinama kuona. Maji ya mvua yalikuwa yamekauka, jua linapiga, na upande mzima wa magharibi ulikuwa umekuwa mweupe, mweupe wa jicho lenye mtoto wa jicho. Wangu ulikuwa mweusi unameta.

"Nini hiki?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza hakutaja asilimia.

"Nilisugua, mheshimiwa," shemeji akasema.

"Na nini?"

"Waya. Na mchanga mdogo."

Asilimia alizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa. Paneli mia na ishirini! Wenye kiwanda watamwambia nini! Nani alimruhusu? Kisha akanigeukia mimi, na nikaona akili yake ikifanya kazi, polepole, lakini inafanya.

"Wewe hukusugua. Kwa nini?"

Nikasema, "Mimi natumia sponji."

"Ulijua? Yule fundi alikuwa na wewe hapa juu. Ulijua?"

Naapa nilikuwa natafuta neno, na sijui lingekuwa neno gani. Shemeji akajibu yeye.

"Alinikataza, mheshimiwa. Alinikataza mara nyingi. Mimi nikakaidi."

Alisema hivyo akitazama ndoo. Sauti yake haikutetemeka. Asilimia akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaridhika, kwa kuwa mtu mwenye methali hahitaji kufikiri zaidi. Shemeji anaondoka kesho. Mimi nabaki na paa zima, pande zote mbili.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza, nikamwacha asimame pale na kosa langu kama mtu aliyebebeshwa gunia la mwenzake.

Jioni mke wangu akapiga. Mdogo wake alikuwa ameshamweleza.

"Amesema kosa ni lake, ulimkataza hakusikia," akasema. Alikuwa analia kidogo. "Ahsante kwa kumwangalia, baba watoto. Najua anachosha. Ahsante kwa kujaribu."

"Haya," nikasema.

Tarehe 10

Nimemsindikiza hadi kwenye basi lake. Nilibeba godoro, yeye alibeba begi. Njia nzima hakusema, na mimi ambaye miezi yote nilitaka anyamaze nilitamani hata amsalimie paka. Tulipofika nikamuuliza, kwa kuwa nisingeweza kulala na lile swali:

"Fundi aliniambia mwezi wa tisa. Ulijua?"

"Nilijua jana tulipopanda. Bosi alipokuuliza nikakutazama usoni."

"Sasa kwa nini umesema nilikukataza?"

Alihamisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Vidole vyake bado vina plasta.

"Ningesema hukunikataza, angekuuliza kwa nini. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, shemeji. Ningelisikia jibu."

Akapanda. Utingo akachukua godoro kutoka mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa bado nimelikumbatia.

Tarehe 11

Nimeosha pande zote mbili. Anga safi, yuniti 335 jumla. Asilimia ameridhika.

Nimekaa na kitabu hiki tangu saa kumi nikitafuta jibu ambalo yeye hakutaka kulisikia. Nilidhani ni kazi, kwamba kazi ilikuwa moja na watoto ni wangu. Ningependa liwe hilo, maana hata mke wangu angelielewa. Lakini nimerudi kusoma nilivyoandika tangu ukurasa wa kwanza, na sioni watoto humo. Naona mtu aliyemwandika mwenzake kuwa mjinga, pakacha lisiloshika maji, siku ya tatu ya mwezi wa nane, kisha akakaa kimya kiangazi kizima akisubiri awe mjinga kweli, ili kitabu kisije kikawa kimesema uongo.